Biashara ya mtandaoni mashariki mwa DRC: pesa inapita kwa simu kila siku, lakini faida iko wapi?

Katika miji ya Butembo, Bunia, Goma, Bukavu na Lubumbashi, duka siku hizi linaweza kuwa simu moja tu. Asubuhi picha za viatu, vitenge, mikoba na mafuta ya ngozi zinawekwa kwenye statu ya WhatsApp, kwenye Facebook ao TikTok. Mteja anaandika, wanapatana bei, pesa inaingia kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na motari anapeleka mzigo mpaka nyumbani. Hakuna kodi ya duka, hakuna kibao mlangoni. Vijana wengi waliomaliza masomo bila kupata kazi, na akina mama wengi, wameanza namna hiyo na mtaji mdogo.

Lakini biashara hii ina ugonjwa wake. Pesa haikai mahali pamoja. Nyingine iko ndani ya simu, nyingine katika mkoba, nyingine mikononi mwa motari, nyingine kwa mteja aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi. Nyingine ni dola, nyingine ni franka. Na zote zinapita katika simu ileile inayolipa mega, chakula cha nyumbani na mchango wa kilio. Miezi inapita, muuzaji anauza kila siku, wateja wanamsifu, lakini siku ya kurudi kununua mali mpya anakuta mtaji haufiki.

Mara nyingi hajaibiwa. Hakuandika tu.

Pea 40 za viatu

Ili kuelewa pesa inapotelea wapi, inafaa kufuata mzigo mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Tuseme muuzaji wa Butembo anaagiza pea 40 za viatu vya wanawake kutoka Kampala. Kila pea ni dola 9, jumla dola 360. Anauza kila pea dola 15. Kichwani mwake hesabu ni nyepesi: 15 kutoa 9 ni 6, mara 40 ni dola 240 za faida.

Hesabu hiyo ina kosa tangu mwanzo. Viatu havijafika Butembo. Kuna kutuma pesa kwa mwenye kuuza, tuseme dola 8. Kuna gari, wabebaji na malipo ya mpakani Kasindi, tuseme dola 60 kwa mzigo wote. Sasa viatu vimegharimu dola 428, si 360. Ukigawanya kwa 40, kila pea ni dola 10 na senti 70. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya kiatu kilichofika mikononi mwa muuzaji, na ndiyo namba ya kwanza ya kuandika.

Kisha uuzaji unaanza. Katika wiki tano, pea 34 zinauzwa dola 15 kila moja: dola 510. Pea nne zenye saizi ngumu zinashushwa bei mpaka dola 10: dola 40. Pea moja mteja anairudisha kwa kuwa imepasuka, anarudishiwa pesa yake. Pea nyingine dada wa familia ameichukua kwa deni, na deni halijalipwa. Pesa yote iliyoingia ni dola 550.

Ukitoa gharama ya mzigo, 428, zinabaki dola 122. Lakini muuzaji aliahidi wateja «livrezo bure», na alilipa motari mara 20, dola moja kila safari: dola 20. Mega za wiki tano ni dola 15. Tangazo la kulipia kwenye Facebook ni dola 10. Ada za kutuma na kutoa pesa kwa simu ni dola 12. Jumla ni dola 57. Faida ya kweli inayobaki ni dola 65, wala si 240.

Dola 65 si haba. Mtu anaweza kuendelea nazo. Shida ni kwamba katika wiki hizo tano muuzaji alikuwa anachukua dola 25 kila wiki kwa mahitaji ya nyumba, akiamini anakula faida. Amechukua dola 125. Biashara ilizaa 65, yeye amekula 125. Dola 60 za ziada zimetoka katika mtaji. Alianza na 428, sasa ana 368. Kwa bei ileile na gharama zilezile, mzigo unaofuata utakuwa pea 34, wala si 40. Na bila maandishi, atasema Kampala wamepandisha bei.

Mfano huu unaweza kubadilishwa namba: vitenge mahali pa viatu, Kasumbalesa mahali pa Kasindi, Dubai ao Guangzhou mahali pa Kampala. Wanaoagiza kutoka China wanalipia kilo ao mita za ujazo, na mzigo unaweza kuchukua miezi njiani. Jambo linabaki lilelile: bei ya kununua ni sehemu tu ya gharama, na pesa inayoingia si faida.

Dola na franka: hesabu mbili ndani ya mfuko mmoja

Muuzaji wa Congo ana kazi ambayo mwenzake wa nchi nyingine hana. Ananunua kwa dola, lakini wateja wengi wanamlipa kwa franka. Kila siku kiwango kinaweza kusogea.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, dola moja ilibadilishwa kwa kiasi kidogo juu ya franka 2000. Mwaka huo ulipoisha, ilikuwa imepita 2600. Aliyekuwa ameweka bei ya kiatu franka 30.000 na kuiacha hapo, alikuwa anapata dola 15 dola ilipokuwa 2000. Dola ilipofika 2500, franka zilezile 30.000 zilikuwa dola 12 tu. Kama kiatu kimemgharimu dola 10 na senti 70, faida yake juu ya pea moja ilishuka toka dola 4 na senti 30 mpaka dola moja na senti 30, bila yeye kubadilisha kitu chochote.

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 ikawa kinyume: franka ilipata nguvu haraka mbele ya dola. Waliokuwa wameficha dola nyumbani wakijua «dola haishuki» walikuta inanunua franka chache kuliko zamani, huku bei nyingi za sokoni zikichelewa kushuka. Na aliyeacha bei yake ya franka palepale alionekana ghali mbele ya wenzake waliobadilisha.

Dawa si kubahatisha kiwango. Ni kuchagua sarafu moja ya kufanyia hesabu, kwa wengi ni dola kwa kuwa mali inanunuliwa kwa dola, na kuandika kiwango cha siku pembeni ya kila malipo ya franka. Kwa namna hiyo mwisho wa wiki muuzaji anaona kama bei yake bado inashika. Wengine wanatangaza bei kwa dola na kuandika chini: «kwa franka, kiwango cha siku». Hiyo nayo inapunguza ugomvi.

Kuna hasara ndogo nyingine inayojulikana na kila mtu lakini haiandikwi: noti ya dola iliyopasuka kidogo ao iliyochakaa, ambayo kambisti anaikataa ao anaipokea kwa bei ya chini. Kama noti ya 20 imebadilishwa kwa 17, zile 3 ni gharama ya biashara, na zinastahili mstari wake.

Huko Goma na Bukavu hali ilikuwa ngumu zaidi. Tangu M23 kuingia Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, banki zilifunga milango. Pesa ya simu ikawa njia kubwa ya kulipana, na kuigeuza kuwa pesa ya mkononi kukawa ghali. Kwa muuzaji, maana yake ni hii: dola 100 ndani ya simu si sawa na dola 100 mkononi. Tofauti hiyo ni gharama. Anayeandika zote kama kitu kimoja anajidanganya.

Avansi ya mteja si pesa ya muuzaji

Wauzaji wengi wanafanya kazi kwa komande: mteja anachagua picha, anatoa nusu ya bei ao bei yote, kisha muuzaji anaagiza. Njia hiyo inasaidia asiye na mtaji mkubwa. Lakini ndiyo pia inayovunja majina ya watu.

Avansi ikiingia kwenye simu, salio linapanda na muuzaji anahisi ametajirika. Lakini pesa hiyo bado ni deni mpaka siku mteja anapokea mzigo wake. Ikitumika kulipa karo ya shule ao kumalizia komande ya mteja wa zamani, komande mpya inabaki bila pesa. Anatafutwa mteja mwingine, avansi yake inaziba shimo la kwanza, na shimo lingine linafunguka. Mnyororo unashika kwa wiki kadhaa. Mzigo ukichelewa mpakani ao wateja wakipungua kwa mwezi mmoja, unakatika. Hapo muuzaji anaanza kuzima simu, picha yake inazunguka katika makundi ya WhatsApp na neno «mwizi» juu yake, na wengine wanaitwa polisi. Pengine hakuwa na nia ya kuiba. Alikosa tu ukurasa wa kuonyesha pesa ya nani ni ipi.

Ukurasa huo ni rahisi: jina la mteja, alichoagiza, bei, avansi aliyotoa, tarehe, kinachobaki, siku ya kupokea. Avansi zote zikijumlishwa, jumla hiyo isiguswe kwa kitu kingine ila kununua mali za komande hizo. Wenye kutumia simu zenye laini mbili wanaweza kuweka laini moja kwa avansi pekee.

Kaye ya franka chache

Watu wengi wakisikia «kontabilite», wanafikiri kompyuta na mtaalamu wa kulipwa. Kwa biashara ya ukubwa huu, kaye moja na bic vinatosha kuanza. Kila ukurasa una safu saba: tarehe, nini kimetokea, pesa iliyoingia taslimu, pesa iliyoingia kwa simu, pesa iliyotoka, kiwango cha siku, salio.

Kanuni ya kwanza ni kuandika siku ileile. Kusubiri mwisho wa wiki ni kusahau: motari aliyelipwa franka 3000 asubuhi hakumbukwi Jumamosi. Kanuni ya pili ni kulinganisha kila usiku. Muuzaji anahesabu pesa iliyo mkononi, anaangalia salio la simu, anaongeza pesa iliyobaki kwa motari, anaona kama jumla inafanana na salio la kaye. Ikipishana, anatafuta usiku huo huo, wakati mambo bado ni mabichi.

Kulinganisha huko kunalinda pia dhidi ya matapeli. Mchezo wa kutuma ujumbe wa uongo, unaofanana na ujumbe wa kampuni ya simu ukisema pesa imeingia, umewapata wauzaji wengi. Anayeangalia salio lake kabla ya kumpa motari mzigo hapotezi kitu. Anayeamini ujumbe peke yake anagundua kesho, wakati kiatu kimekwisha kuvaliwa.

Ujumbe wa malipo ulio ndani ya simu hautoshi kuwa kumbukumbu. Simu inaibiwa, inaanguka majini, ujumbe unafutwa ili kupata nafasi. Ni vizuri kuandika namba ya muamala kwenye kaye, na kupiga picha ya ukurasa kila Jumapili na kuituma kwa mtu wa kuaminika ao kuihifadhi kwenye barua pepe.

Sehemu nyingine ya kaye ni ya mali. Kila mzigo unaoingia unaandikwa kwa idadi na kwa gharama ya kweli ya kimoja. Kila kinachotoka kinatolewa: kilichouzwa, kilichoharibika, kilichotolewa zawadi, na kile ambacho muuzaji mwenyewe amevaa kwenda harusini. Mwisho wa wiki anahesabu kwa mikono. Kaye ikisema kumi na rafu ikisema nane, viwili vina hadithi.

Biashara ikikua, kaye inaweza kuhamia kwenye jedwali la Excel ao Google Sheets. WhatsApp Business nayo inaruhusu kuweka lebo kwa kila mteja, kama vile komande mpya, malipo yanayosubiriwa, ao aliyekwisha kulipa. Lakini programu haiandiki kitu ambacho mwenyewe hakukiingiza.

Sheria inaomba nini

Wengi wanakimbia kuandika kwa kuogopa kodi: wanaona kaye kama ushahidi dhidi yao. Sheria yenyewe, hata hivyo, imefikiria wafanyabiashara wadogo.

Congo ni mwanachama wa OHADA tangu Septemba 2012. Katika sheria ya biashara ya jumuiya hiyo, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, kuna hadhi ya «entreprenant», mtu mmoja mwenye shughuli ndogo anayejitangaza bila kupitia uandikishaji mzito wa mfanyabiashara mkubwa. Wajibu wake wa hesabu ni mwepesi: awe na kitabu, siku kwa siku, kinachoonyesha pesa ilitoka wapi na ni kiasi gani, akitenganisha malipo ya taslimu na malipo ya njia nyingine, na kinachoonyesha pesa ilikwenda wapi. Kitabu hicho kinahifadhiwa kwa miaka mitano angalau. Anayenunua na kuuza bidhaa anatakiwa pia kuwa na orodha ya manunuzi yake pamoja na hati zake.

Kwa maneno mengine, ile kaye yenye safu saba iko karibu sana na kinachoombwa na sheria. Na kwa biashara ndogo kidogo kubwa zaidi, sheria ya hesabu ya OHADA, inayotumika tangu 2018, inaruhusu mfumo mdogo unaofuata pesa inayoingia na kutoka, kwa wauzaji ambao mauzo yao ya mwaka hayapiti franka CFA milioni 60 ao kiasi sawa na hicho. Congo yenyewe ilipata sheria ya mambo ya kidijitali tarehe 13 Machi 2023, inayogusa pia biashara ya kielektroniki. Kuuza kwa simu si kuuza nje ya sheria.

Kwa muuzaji, kaye ni ngao. Akija mtu wa kodi na namba aliyoikisia, mwenye kaye ana namba yake ya kujibu. Asiye na kitu anajadiliana kwa maneno, na maneno yanakwisha kwa kutoa pesa mkononi. Vilevile kwa mkopo: chama cha akiba ao taasisi ya mikopo midogo inauliza mauzo ya miezi iliyopita. Miezi sita iliyoandikwa vizuri inasema zaidi ya ahadi.

Kujilipa, na kusema hapana

Kazi ngumu kuliko zote haiko kwenye karatasi. Iko nyumbani. Jirani anajua kuwa pesa inaingia kwa simu. Ndugu ana mgonjwa, shemeji ana ndoa, na wiki ijayo ni zamu ya kutoa mchango wa likilimba, wa muso ao wa AVEC. Muuzaji akichukua ovyo katika salio la biashara, hajui tena amesaidia kwa faida ao kwa mtaji.

Njia inayofanya kazi ni kujilipa mshahara. Kama biashara ya viatu inazaa dola 65 kwa wiki tano, mwenye biashara hawezi kujilipa zaidi ya dola 13 kwa wiki bila kula mtaji. Akijilipa 8, zinabaki 25 za kukuza mzigo unaofuata ao za kungoja siku mbaya. Mchango wa muso, kilio na ndoa vinatoka ndani ya zile 8 ao katika kipato kingine cha nyumba. Ni kidogo, ndiyo. Lakini ni namba ya kweli, na inamwonyesha mapema kwamba anahitaji kuongeza mauzo, kupunguza livrezo bure, ao kutafuta kazi ya pili, kabla mtaji haujaisha. Kwa ndugu anayeomba, kaye nayo inasaidia: ni rahisi zaidi kusema «pesa hii ni avansi ya mteja» ukurasa ukiwa wazi.

Mwisho wa mwezi, dakika 30 zinatosha kujibu swali moja. Muuzaji anajumlisha pesa yote iliyopo, taslimu na ya simu. Anaongeza mali iliyobaki kwa gharama yake ya kweli, si kwa bei ya kuuzia. Anaongeza madeni ya wateja ambao anajua watalipa, na wale anaojua hawatalipa anawaacha. Kisha anatoa avansi zote ambazo bado hajazitimizia komande, na madeni yake mwenyewe. Namba inayobaki anaiandika kwa herufi kubwa, na tarehe pembeni.

Mwezi unaofuata anafanya vilevile. Namba ikipanda, biashara inakua, hata kama salio la simu siku hiyo ni dogo. Ikishuka, biashara inaliwa, hata kama komande zinaingia usiku na mchana. Ikishuka miezi miwili mfululizo, kurasa za kaye zitaonyesha ni wapi: usafirishaji, kiwango cha dola, madeni, ao mkono wa mwenyewe.